Nimeambiwa nisaini kumbukumbu za bodi ili mwalimu ahamishwe kimya kimya. Nisaini?

Mama_wa_Watatu | Jumatano, saa 3:40 usiku

Hamjambo wenzangu. Uzi huu utakuwa mrefu, na kuna mahali nitaruka maneno kwa makusudi kwa sababu ndani yake kuna mtoto. Shule sitaitaja. Mtaa pia sitautaja, jueni tu ni Eastlands, Nairobi. Ukidhani umeitambua, kaa nayo moyoni, usiiandike hapa.

Mimi ni mwakilishi wa wazazi kwenye bodi ya shule ya umma, ile yenye msingi na sekondari msingi kwenye kiwanja kimoja. Mambo yetu ya kila muhula ni yale yale: choo kimeziba, madawati hayatoshi, mlinzi hajalipwa. Leo tuliitwa mkutano wa dharura saa nane mchana. Tulikuwa saba, tumebanana ofisini kwa mwalimu mkuu, chai kwenye thamosi na mandazi yaliyokatwa katikati ili yatoshe.

Kilichotuita ni hiki. Jumatatu, mtoto wa Gredi ya 8, miaka 13, alimwambia madam wa Kiswahili kwamba kuna mwalimu humwita stoo ya vitabu wakati wa mapumziko, ati wakahesabu vitabu, kisha hufunga mlango na kumshikashika. Usiku humtumia jumbe kwenye simu ya shangazi yake. Madam alimfikishia mwalimu mkuu habari siku ile ile. Mwalimu mkuu akasema tungoje bodi.

Bodi ndiyo sisi. Mwenyekiti alifungua kwa maombi, kisha akasema shule imejenga jina kwa miaka mingi, mitihani iko mlangoni, mwalimu ana familia changa, na tena "hakuna kilichotendeka hasa". Mjumbe mmoja akauliza huyo mtoto huwa anavaaje. Mtoto wa shule, anavaa nini kama si sare? Haikupita nusu saa katibu akasoma: "Bodi imeazimia kuomba mwalimu ahamishwe kwa maslahi ya shule." Karatasi ikazungushwa, wanne wakasaini. Ilipofika kwangu nikasema miwani nimeisahau nyumbani. Miwani ilikuwa kwenye mkoba.

Nimepewa hadi Ijumaa.

KondaWa58 | Jumatano, saa 3:58 usiku

Mathee, mimi sitetei ufisi wa kuwinda watoto, ieleweke. Lakini tulia kwanza. Nina binamu yangu mwalimu huko Machakos, alisingiziwa na mtoto aliyenyimwa alama, akakaa nje ya kazi muda mrefu. Alirudi akiwa mtu mwingine, hata salamu anakupa kwa mashaka. Mkishampeleka mtu polisi jina limeshachafuka hata akishinda. Kumhamisha si vibaya sana, mtoto anapumua, mwalimu anapumua.

Binti_wa_Huruma | Jumatano, saa 4:05 usiku

Na watoto wa huko anakohamia wao hawapumui?

Wakili_Ghorofa_ya_Tatu | Jumatano, saa 4:31 usiku

Mama, usisaini. Nikisema hivyo simaanishi uandike matusi pembeni. Andika: "Sikubaliani na azimio hili. Naomba taarifa ipelekwe polisi na kwa tume ya walimu, TSC, leo." Weka jina, tarehe na saa, kisha piga picha ukurasa wote.

Sababu yangu ni hii. Kuna waraka wa TSC, namba 3 wa mwaka 2010, uliotolewa mahususi kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kimapenzi. Unamtaka mwalimu yeyote mwenye habari, au hata shaka yenye msingi, aripoti ndani ya saa 24. Anayenyamaza au kujaribu kufunika jambo naye anachukuliwa hatua za nidhamu. Madam wa Kiswahili alitimiza wajibu wake Jumatatu. Mwalimu mkuu saa zake 24 ziliisha jana, wakati anatafuta thamosi ya chai.

La pili, ile "hakuna kilichotendeka hasa" ni maneno ya mtu asiyeijua Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006. Wengi hudhani sheria hiyo inaanzia kwenye unajisi, yaani kumwingilia mtoto. Siyo. Kumshika mtoto kwa namna ya aibu ni kosa peke yake, kifungu cha 11, na adhabu yake haipungui miaka 10. Ikifika kwenye unajisi wa mtoto wa umri wa huyu, haipungui miaka 20, na kwa mtoto wa miaka 11 kushuka ni maisha. Mahakimu wengine walikuwa wameanza kuvishusha viwango hivyo. Julai 2024 Mahakama ya Juu ikasema viwango vya chini vya sheria hii vinasimama kama Bunge lilivyoviandika.

Halafu kuna kifungu cha 24 ambacho walimu wanapaswa kukijua kama wanavyojua ratiba. Mwalimu, mwalimu mkuu au mfanyakazi yeyote wa shule anayetumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi anafungwa miaka isiyopungua 10, hata kama tendo lenyewe halihesabiki kuwa ubakaji au unajisi. Kwa hiyo ule utetezi wa "alikuwa Kidato cha Nne, ana miaka 19, tulipendana" umefungiwa mlango. Hoja ya sheria ni chaki iliyo mkononi mwa mwalimu. Umri unakuja baadaye.

KondaWa58 | Jumatano, saa 4:40 usiku

Sawa wakili, lakini ushahidi uko wapi? Ni neno la mtoto dhidi ya neno la mtu mzima. Stoo haina kamera.

Wakili_Ghorofa_ya_Tatu | Jumatano, saa 4:52 usiku

Makosa haya hayafanywi sokoni Gikomba mchana, ndiyo maana Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, mradi hakimu aridhike kwamba mtoto anasema kweli na aandike sababu za kuridhika kwake. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo kinga ya binamu yako. Kuna kuhojiwa na wakili wa utetezi, kuna rufaa. Bodi ya watu saba na mandazi haina hata kimoja cha hivyo, wala kwa mtoto wala kwa mwalimu.

Na hapa kuna zile jumbe kwenye simu ya shangazi. Mama, hiyo simu isifutwe kitu, isiuzwe, isibadilishwe laini. Asije mtu akawaambia "nitumieni picha za skrini, simu ibaki". Polisi watahitaji simu yenyewe.

Mwalimu_Vumbi_la_Chaki | Alhamisi, saa 11:20 alfajiri

Nimeamka nikausoma uzi huu kabla ya kuoga. Nimefundisha miaka 17, mimi ni mwanamume, na nitasema jambo ambalo staff tunalisemea kwenye chai tu.

Tunajua. Si mara zote, lakini mara nyingi tunajua. Mwalimu ambaye ana "mtoto wake" wa kumbebea vitabu, wa kumfulia kikombe, wa kuitwa Jumamosi nyumbani kusaidia kusahihisha. Tunamtania. Tulilifanya hata neno fisi kuwa mzaha hapa Kenya, watu wakachapisha fulana. Halafu siku ikipasuka kila mtu anasema hakuwahi kushuku.

Konda, hofu yako naielewa kuliko unavyodhani. Mimi mwenyewe huogopa kusingiziwa. Lakini nimegundua kinachonilinda mimi ndicho kinachomlinda mtoto. Nikizungumza na mwanafunzi mlango uko wazi. Siandikiani na mtoto kwenye simu, naandikia mzazi. Mtoto hatumwi kwangu nyumbani hata kuleta madaftari. Sina cha kuelezea kwa sababu sina pembe ya giza. Anayelia kwamba sheria inawaonea wanaume mwulize kwa nini ufunguo wa stoo anao yeye tu.

Jambo moja kuhusu umri. Sheria inampa mshtakiwa nafasi ya kujitetea kwamba alidanganywa umri wa mtoto. Mtu wa mtaani anaweza kujaribu hilo. Mwalimu atalianzia wapi? Sisi ndio tunaoingiza watoto kwenye mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi. Cheti cha kuzaliwa tunakishika kwa mikono yetu.

Baba_Ngoma | Alhamisi, saa 1:15 asubuhi

Nyinyi vijana mnapenda mahakama. Mambo kama haya wazee hukaa chini. Huyo binti ataolewa bado, jina lake lisambazwe kortini kwa faida ya nani? Mwalimu aitwe, aombe msamaha mbele ya wazazi, alipe kitu, mtoto apelekwe shule nyingine. Kwisha.

Binti_wa_Huruma | Alhamisi, saa 1:44 asubuhi

Mzee wangu, shikamoo. Sikutaka kuandika hili.

Nilikuwa darasa la saba. Wazee walikaa chini. Baba alipewa pesa, sijui kiasi, najua tu tulinunua kochi. Mimi sikupelekwa shule nyingine kwa sababu ada ya uhamisho hatukuwa nayo. Aliyehama ni yeye, mwisho wa muhula. Shule ikamfanyia sherehe ya kumuaga. Walitafuta mwanafunzi nadhifu wa kumkabidhi zawadi, wakanichagua mimi. Ilikuwa saa ya ukutani, imefungwa kwa karatasi ya maua. Nilipiga makofi na wengine.

Kochi lile liko kwa mama hadi leo.

Baba_Ngoma | Alhamisi, saa 2:30 asubuhi

Marahaba, mwanangu. Pole. Sina la kusema.

Wakili_Ghorofa_ya_Tatu | Alhamisi, saa 3:05 asubuhi

Pole sana dadangu. Kosa la jinai la namna hiyo halifutiki kwa miaka kupita. Ukitaka kuzungumza, FIDA, chama cha mawakili wanawake hapa Nairobi, hutoa msaada wa kisheria bila malipo, na si lazima mazungumzo yaishie kortini.

Kuhusu wazee kukaa chini: kesi hizi si mali ya familia. Zikishafika polisi ni za Jamhuri, na sheria ya 2006 ilisema wazi kwamba kuusimamisha uchunguzi au mashtaka si uamuzi wa polisi wa zamu wala wa mzazi. Waliiandika "Mwanasheria Mkuu". Siku hizi kazi hiyo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Zaidi ya hapo, kupokea pesa ili jinai kubwa ifichwe ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu. Baba wa mtoto akishika bahasha naye ana kesi.

Na jina la mtoto halisambazwi. Mnaona hukumu za Kenya, watoto huandikwa kwa herufi tu. Mahakama inaweza pia kumruhusu atoe ushahidi akiwa amekingwa asimwone mshtakiwa, au kupitia mtu wa kumsemea.

Nesi_wa_Zamu | Alhamisi, saa 4:10 asubuhi

Naingilia kwa haraka, niko mapumziko. Kwa tukio hili la sasa huenda si lazima, lakini kuna atakayeusoma uzi huu kesho kwa ajili ya mtoto mwingine.

Mtoto akiwa amenajisiwa, hospitali kwanza, hata kabla ya polisi. Asioshwe. Nguo zake msizifue, na msizitie kwenye karatasi ya plastiki maana zinavunda na ushahidi unaharibika. Ziwekeni kwenye bahasha ya kaki au zifungeni kwa gazeti. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi lazima ianze ndani ya saa 72, na kadiri inavyowahi ndivyo bora. Ya kuzuia mimba ni ndani ya saa 120. Hapa Nairobi kuna kituo cha waathiriwa cha Nairobi Women's, matibabu ni bure, Kenyatta wanapokea, Mbagathi pia, na Mama Lucy kwa watu wa Eastlands. Hospitali hujaza fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya ubakaji. Polisi hutoa P3, fomu yao ya ripoti ya daktari, na P3 haiuzwi. Ukiambiwa ulete pesa ya karatasi, uliza jina la afisa kwa sauti ya kusikika.

Tena jamani, msimhoji mtoto mara kumi. Amemwambia madam, inatosha. Kila anayemwuliza upya anamfunza kubadilisha maneno, na wakili wa upande wa pili atayashika hayo.

Simu ya watoto ni 116. Ni bure, usiku na mchana.

Mkurugenzi_wa_Mabati | Alhamisi, saa 6:50 mchana

Mimi naendesha shule ndogo Mukuru, zile mnaziita za mtaani. Mambo ya TSC kwetu ni kama habari za ng'ambo. Nina walimu wanane, wenye namba ya TSC ni watatu. Nikimfukuza mmoja kwa tabia hizi, wiki ijayo yuko shule ya jirani, ukuta wa mabati kwa ukuta wa mabati, na jirani hajaniuliza chochote. Sasa sheria hizi zote zinatufikia?

Wakili_Ghorofa_ya_Tatu | Alhamisi, saa 7:20 mchana

Zinakufikia. Kifungu cha 24 kimetaja taasisi za masomo "rasmi au zisizo rasmi", kwa hiyo mabati hayamkingi mtu. Upande wa TSC, sheria yake ya 2012 inataka kila anayefundisha awe amesajiliwa, shule iwe ya umma au ya binafsi. Ukiajiri asiyesajiliwa unajinyima silaha moja kubwa, kwa sababu TSC haiwezi kumfuta kwenye sajili mtu ambaye hayumo. Majina ya wanaofutwa huchapishwa. Isome orodha kabla ya kumpa mtu darasa.

Mwalimu_Vumbi_la_Chaki | Alhamisi, saa 7:41 mchana

Niongeze hapo, kwa sababu wakurugenzi wengi hujidanganya na cheti cha nidhamu njema cha polisi. Kile cheti kinasema tu kwamba mtu hana rekodi. Mwalimu aliyehamishwa mara tatu kwa maslahi ya shule tatu ana cheti cheupe kama maziwa. Ni hizo bodi zilizokisafisha.

Wakili_Ghorofa_ya_Tatu | Alhamisi, saa 8:15 mchana

Mwalimu amenikumbusha kesi ambayo kila bodi ingepaswa kusomewa. Watoto wawili wa shule moja ya msingi kule Nakuru walidhulumiwa na mwalimu. Kesi ikaletwa hapa mahakama ya Milimani, na 2015 Jaji Mumbi Ngugi hakuishia kwa mwalimu. Alisema TSC na serikali wanawajibika, watoto wakaamuliwa fidia, jumla shilingi milioni 5. Aliikemea TSC kwa kuwazungusha watu wa namna hiyo kutoka shule hadi shule na kuridhika na kuwafuta kazi. TSC ilikata rufaa, na 2020 Mahakama ya Rufaa haikuiondolea mzigo huo.

Mwajiri hujitetea kwamba hakumtuma mwalimu kufanya uovu. Jibu, kwa lugha yangu mimi, ni kwamba mlimpa darasa, mkampa ufunguo, mkamwambia mtoto amtii. Katiba, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, na inasema maslahi yake ndiyo ya kwanza. Sasa lirudie hilo azimio la bodi. "Kwa maslahi ya shule." Hata neno walilichukua palepale, wakabadilisha tu mwenye maslahi.

KondaWa58 | Alhamisi, saa 8:30 mchana

Hapo umenimaliza.

Swali lakini, na sichokozi. Mwalimu akiripotiwa TSC anafukuzwa papo hapo?

Mwalimu_Vumbi_la_Chaki | Alhamisi, saa 9:02 alasiri

Hapana. Anasimamishwa kwa barua, anaandika utetezi wake, panakuwa na uchunguzi, anaitwa kusikizwa, na anaweza kuja na shahidi. Binamu yako ndiko alikopitia, na alirudi kazini, kumbuka. Ugumu uko kwenye kasi. Watoto wengine humaliza shule faili bado linatembea. Ndiyo maana kuripoti TSC peke yake hakutoshi, na polisi peke yao hawatoshi. Mlango wa TSC unamtoa darasani, mlango wa polisi unampeleka kwa hakimu. Gongeni yote miwili siku moja.

Mama_wa_Watatu | Ijumaa, saa 2:10 usiku

Nimerudi. Samahani kwa kimya, nilikuwa nazunguka.

Jana jioni nilikwenda kwa mama yake mtoto. Anauza mboga, nilimkuta anakatakata sukuma. Kumbe hakuwa anajua! Shule ilikuwa imemwita baba peke yake, na baba akaambiwa "kuna utovu wa nidhamu, tunaushughulikia". Nilimwambia kwa maneno machache. Aliendelea kukata. Alikata hadi ile sukuma ikawa nyembamba kama nywele, mteja akaja akaondoka, ndipo akaweka kisu chini akauliza, "Simu ya shangazi yake iko wapi?"

Leo asubuhi tulikwenda kituoni, mimi, mtoto na wazazi wake, pamoja na madam wa Kiswahili, ambaye aliomba ruhusa ya kwenda hospitali. Mezani tuliambiwa tungoje, mwenye dawati la jinsia hajafika. Tukangoja saa mbili kwenye benchi moja na kijana aliyeibiwa pikipiki. Afisa mmoja akatupitia akasema mambo ya shule yamalizwe shuleni. Hapo nikafanya kama nesi alivyosema, nikamwuliza jina lake kwa sauti. Benchi lote likageuka. Dawati likafunguliwa.

Afisa wa dawati ni mama wa makamo. Kwa haki, alimchukulia mtoto taratibu, alimtoa kwanza baba yake nje, akaandika bila kumkatiza. Simu imechukuliwa, tumepewa namba ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, nimeiandika nyuma ya kadi yangu ya kliniki ili isipotee. Madam ameandika taarifa yake na kutaja saa aliyomwambia mwalimu mkuu siku ya Jumatatu. Alipofika kwenye saa, mkono ulitetemeka, akaanza upya kwenye karatasi nyingine.

Halafu nikaenda shuleni. Kwenye kumbukumbu za bodi nikaandika maneno ya wakili neno kwa neno. Mwenyekiti akasema nimeleta siasa. Mwalimu mkuu hakunitazama. Nilipotoka, katibu wa bodi alinifuata hadi kwenye lango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama na yeye anaweza kulifuta jina lake.

Wakili_Ghorofa_ya_Tatu | Ijumaa, saa 2:25 usiku

Asifute. Kufuta kunaonekana kama kuficha. Aandike barua tofauti, yenye tarehe ya leo, kwamba ameondoa kibali chake. Na nyinyi Jumatatu pelekeni nakala ofisi ya TSC ya kaunti ndogo, mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Bila muhuri mtaambiwa barua haikufika.

Binti_wa_Huruma | Ijumaa, saa 2:33 usiku

Mama, huyo mwalimu alikuja kwenu akitoka wapi?

Mama_wa_Watatu | Ijumaa, saa 2:40 usiku

Sijui. Alikuja mwaka juzi katikati ya muhula wa pili. Nakumbuka kwa sababu tulishangaa, walimu wa hesabu hawapatikani hivi hivi katikati ya muhula.

Mama_wa_Watatu | Jumanne, saa 1:55 usiku

Kwa waliokuwa wanauliza. Barua imepokelewa, muhuri upo. Mwalimu hajaonekana shuleni tangu Ijumaa, jana alihojiwa kituoni. Mtoto yuko nyumbani wiki hii, afisa wa watoto amemtembelea. Wiki ijayo atarudi darasani, yeye mwenyewe ndiye aliyetaka kurudi, anasema ana zamu ya kusoma habari gwarideni.

Binti wa Huruma, nilipata jibu la swali lako. Afisa wa TSC alikuwa na faili mezani. Hakunionyesha, na sikuomba, lakini alilisoma akatikisa kichwa, akasoma tena sentensi moja kwa sauti kama mtu anayejisomea. Alikuja kwetu kwa barua ya uhamisho. Sababu iliyoandikwa ni yale yale maneno manne ambayo nilipewa nisaini.

Binti_wa_Huruma | Jumanne, saa 2:01 usiku

Nilijua.

KondaWa58 | Jumanne, saa 2:20 usiku

Mathee, na ile stoo?

Mama_wa_Watatu | Jumanne, saa 2:48 usiku

Nilisema mlango uwekewe kioo na ufunguo wa pili ukae kwa naibu. Mwalimu mkuu akasema hakuna bajeti mpaka muhula ujao. Leo nimemleta fundi wa hapa mtaani akapima. Kioo, kukata mbao na kazi yake ni elfu mbili na mia tano. Wazazi wa Gredi ya 8 wameshachanga elfu moja na mia tisa kwa simu. Anakuja Jumamosi saa mbili asubuhi, na mimi ndiye nitakayemfungulia.